Koili ya Mwisho

Kongwa, 9 Februari 2025

Mwanangu Gabrieli,

Mbukwa, salamu ya kwetu. Hii ni barua ya mama mkwe wako, usishtuke. Ruthu ameniambia kwamba uhamisho wake umetoka, kwamba kuanzia Julai atafundisha huku Kongwa, na kwamba wewe unaogopa kukiacha kibanda chako cha kutengeneza simu pale Majengo uje ukae bure ukweni. Nimefurahi kusikia unaogopa. Mwanaume anayekaa bure ukweni na akalala usingizi ana kasoro.

Sasa sikiliza. Karakana ya marehemu baba yake Ruthu bado ipo, meza ipo, vyombo vipo. Tangu mzee Elisha atutoke nimeiendesha mimi, maana kazi alinifundisha mwenyewe. Watu bado wanatuletea TV zao za chogo kutoka vijijini. Hizi bapa zikianguka hazina dawa, lakini chogo ikianguka inakohoa tu na kuendelea. Tatizo ni macho yangu. Yameingia ukungu. Nageuza kitu kwa kidole najua kimekaa, ila picha siioni tena.

Shemeji yangu Bernardo, ambaye ndiye mkubwa wa familia tangu kaka yake afariki, anakitaka chumba hicho aweke alizeti humo. Tumebishana mpaka majirani wakaja kutuamua. Tulipofikia ni hapa: kabla alizeti haijaanza kuingia nyumbani, apatikane mtu wa familia atakayeifufua moja ya TV za Elisha, itoe picha safi na sauti safi mbele ya macho yake. Akipatikana, chumba kinabaki karakana. Asipopatikana, magunia yanaingia.

Mtu niliyemtaja ni wewe. Sikukuuliza, naomba uniwie radhi baadaye. Ruthu anasema ukifungua simu hupotezi hata skrubu moja.

Joel, kondakta wa basi la asubuhi, atakuletea TV yenyewe. Ni ya inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe. Haijafa, imepotea njia tu. Mtu alizichokonoa koili zake, zile waya zilizoviringwa, kila moja ikaelekea kwake. Kazi yako ni kuzirudisha zisikilizane. Utaona vikopo vinne vya bati, kila kimoja kina tundu juu, na ndani ya tundu kuna kijiti cheusi cha sumaku. Ukikizungusha, koili inabadilika. Mzee Elisha hakupatana na maandishi ya kiwandani, kwa hiyo vikopo alivipa majina ya watu wa nyumbani, akayaandika kwa rangi yangu ya kucha. Anza na Bernardo, ni mgumu, na yeye asipokaa sawa hakuna mwingine atakayekaa. Halafu Antonia, huyo alikuwa mama mzazi wa Elisha. Halafu Ruthu, anataka mkono mwepesi. Wa mwisho ni Josephine, kazi yake ni kuizuia sauti isiingie kwenye picha. Ukimkosea huyo nyumba nzima haitulii. Ndivyo Elisha alivyokuwa akisema, huku ananitazama.

Waya mnene unaoingia kwenye chogo usiuguse, hata kama TV imezimwa tangu jana.

Na usinipigie simu. Sisi ni mkwe na mkwe, hatukai chumba kimoja, na simu ni karibu kuliko chumba. Ni mdomo kwenye sikio. Niandikie, kwa herufi kubwa, nitasoma juani kwa lenzi ya mzee.

Mama Ruthu

*

Dodoma, 16 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Naomba unisamehe mwandiko. Sijawahi kukuambia neno moja kwa moja tangu nimuoe Ruthu, na sasa naambiwa nikuandikie kurasa.

TV imefika salama, imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Nakushukuru kwa kunitaja. Sijalala vizuri tangu nisome, lakini kazi nimeikubali, na niseme wazi kwamba nimeikubali kwa sababu naitaka. Simu za siku hizi zimegundishwa kwa gundi. Mtu ananiletea, nabadilisha kioo, anaondoka, na mimi sijajifunza kitu. Nikiifungua hii TV naona kila kitu kilipo na kinakokwenda.

Nimeunganisha king'amuzi kwenye tundu la antena. Mwanzoni ilitoa chenga tupu na mlio kama mvua juu ya bati. Majina yote manne nimeyaona. Nikaanza na Baba Mdogo, kama ulivyoagiza. Kijiti kilikuwa kimegandia, nikakilazimisha kidogo kwa bisibisi ndogo ya simu, kikaachia. Nikazungusha taratibu, na picha ikaja, Mama. Niliona uso wa mtangazaji na tai yake. Nikamwita Ruthu aje aone. Alipofika nilikuwa nimeshatoa bisibisi, na picha ilikuwa imeondoka.

Nikairudisha bisibisi, picha ikarudi. Nikaitoa, ikaondoka. Nimefanya hivyo mpaka Ruthu akaniuliza kama nitakaa nimeishikilia hivyo maisha yangu yote. Naomba uniambie nakosea wapi.

Mwanao,
Gabrieli

*

Kongwa, 24 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nilipofika kwenye bisibisi nilicheka peke yangu uani, kuku wakakimbia.

Bisibisi yako ni ya chuma. Ukiiingiza kwenye koili, na yenyewe inakuwa sehemu ya koili. Umeitega TV ipatane na bisibisi. Ukiitoa, umeitoa picha. Kila fundi amepitia hapo, ila wengi hawasemi.

Nenda machinjioni uombe pembe la ng'ombe. Lichemshe, lichonge, utoe kijiti chembamba kama sindano ya kufumia, ncha yake uitie ubapa iingie kwenye ufa wa sumaku. Pembe halina chuma na halivunjiki ovyo. Mti mkavu unafaa pia, ila ncha yake inaisha haraka. Cha Elisha kilikuwa cha pembe, nilikivunja mwenyewe mwaka aliofariki, siku niliyokuwa nafanya kazi kwa hasira.

Na kamwe usilazimishe. Hivyo vijiti vimezibwa kwa nta ili visitembee njiani. Sogeza chuma cha kulehemu karibu na kikopo bila kukigusa, nta ilainike, ndipo uzungushe. Kijiti kikipasuka ndani ya koili, hakuna duka Dodoma wala Dar litakalokuuzia kingine. Umebahatika kwamba Bernardo ni mgumu kweli.

Ukizungusha, nenda mpaka picha iwe nzuri, upite kidogo mpaka ianze kuharibika, kisha urudi. Asiyepita hajui kama amefika. Na ukimaliza wa mwisho, rudia tena kuanzia wa kwanza, maana kila mmoja akisogea anawasogeza wenzake.

Shemeji amepita leo kupima mlango kwa kamba. Anasema anataka kujua magunia yataingia kwa upana au kwa urefu. Nimemwambia apime tu, kamba ni yake.

Mama Ruthu

*

Dodoma, 16 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Pembe nilipata. Wale wa machinjioni walinipa lenye harufu ambayo Ruthu ameniamuru nichemshie nje. Vijiti viwili vya kwanza vilivunjika, cha tatu kimekubali, na nimekizoea mkononi kuliko bisibisi.

Nimeanza upya. Baba Mdogo nilimpasha moto kidogo akalainika. Nilimwomba radhi kabla ya kumgusa, kwa sauti, ingawa hakuna aliyenisikia. Bibi Antonia hakunipa shida, yeye ni mtani wangu, hata kama sikumkuta hai. Ruthu aligeuka kwa mguso mdogo kweli kama ulivyosema, nikaenda kumwambia Ruthu wa kweli, akasema nisimsifie kikopo.

Picha ipo, Mama. Ipo bila mtu kushikilia kitu. Niliangalia kikao cha Bunge kizima, mimi ambaye huwa nabadilisha kituo. Nimeona mistari ya koti la mbunge na nimeona glasi ya maji mbele yake.

Lipo jambo moja. Anapoongea polepole, picha imetulia. Akipandisha sauti, uso wake unakatwa na mistari ya kulala, inacheza kwa kufuata maneno yake. Jumapili kwaya iliimba, na ilipofika kwenye kiitikio sikuona mtu, niliona mistari tu. Wakinyamaza, wanarudi.

Naomba mwongozo.

Mwanao,
Gabrieli

*

Kongwa, 24 Machi 2025

Mwanangu Gabrieli,

Marahaba. Umenipa siku njema. Nimeisoma barua yako mara ya pili kwa ajili ya ile glasi ya maji.

Mistari inayocheza na sauti maana yake sauti imeingia kwenye picha. Ni yule wa mwisho ndiye mwenye kazi ya kuizuia. Kama umefika mpaka kwake, na umepita ukarudi kama nilivyokufundisha, basi kosa si la mkono wako, ni la kapasita ndogo ya kahawia iliyo jirani yake. Zile huzeeka. Nimekutolea nyingine kwenye TV mbovu, nimeifunga kwenye karatasi ya sukari, Joel anayo. Ibadilishe.

Lakini nijibu: umefika mpaka kwa wa mwisho?

Nauliza kwa sababu shemeji ameanza kuniuliza habari zako kila anapopita, tena kwa upole. Nikiona Bernardo anauliza kwa upole najua ana hakika ya kushinda.

Mama Ruthu

*

Dodoma, 6 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Kapasita imefika, nimeibadilisha. Mistari bado ipo.

Kuhusu swali lako, nimefuata mpangilio wako kwa uaminifu, mpaka pale mkono wangu unaporuhusiwa kufika. Kisha nimerudia kuanzia mwanzo, kama ulivyoagiza. Nimerudia kila nikitoka kibandani. Picha imezidi kuwa nzuri, naweza sasa kusoma maandishi madogo yanayopita chini ya taarifa ya habari. Mistari tu ndiyo imekataa.

Nimewaza jambo. Sauti ikiwa chini, mistari haionekani kabisa. Labda siku Baba Mdogo atakapokuja kutazama tuiache sauti iwe ya chini, ya heshima?

Mwanao,
Gabrieli

*

Kongwa, 14 Aprili 2025

Gabrieli,

Sauti ya chini? Tumwalike Bernardo kuangalia TV au kulinda mgonjwa? Kitu cha kwanza atakachofanya ni kuongeza sauti mpaka mwisho, namjua, redio yake inasikika mpaka barabarani.

Mtu aliyeweza kutoa picha ile hawezi kushindwa na mistari. Kwa hiyo ama umeacha kazi katikati, ama unanificha kitu. Mimi nilimwambia shemeji mbele ya majirani kwamba mkwe wangu ataweza. Nilisema hivyo sijakuona hata siku moja ukifanya kazi, kwa kuamini tu maneno ya binti yangu. Leo ameleta magunia matupu, ameyakunja vizuri ameyaweka juu ya meza ya Elisha, anasema yazoeane na chumba.

Kama huitaki karakana, andika kwamba huitaki, nijue. Nitakasirika na nitapoa. Lakini usiniandikie mambo ya mkono unaporuhusiwa kufika. Huo ni uvivu uliovaa suti.

Mama Ruthu

*

Dodoma, Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Heri ya Pasaka. Karakana naitaka, hilo naomba usilitilie shaka. Sina jibu jingine ninaloweza kukuandikia. Nisamehe.

Mwanao,
Gabrieli

(Nyuma ya karatasi)

Mama, ni mimi Ruthu. Ameniachia barua nikampe Joel, nami nimeongeza haya bila yeye kujua. Ningekupigia, lakini nyumba yetu unaijua, chumba na sebule, na yeye yupo muda wote mbele ya hiyo TV.

Barua yako ya mwisho aliisoma amesimama. Chakula cha Pasaka hakukigusa. Nikasema leo lazima nijue. Alipokwenda kuoga nikachungulia ndani ya TV. Vikopo vitatu vinang'aa kwa kushikwashikwa. Cha nne kina vumbi lile lile lililotoka Kongwa, na juu yake amebandika plasta ya kidonda, ile ya kahawia.

Nikamuuliza. Akaniambia nipunguze sauti. Mama, ni ile koili yenye jina lako. Bibi ni mtani wake, mimi ni mkewe, Baba Mdogo amemwomba radhi. Lakini wewe hawezi. Anasema amewahi kukupisha njiani mpaka akaingia kwenye miiba, hajawahi kutamka jina lako hata akiwa peke yake, sasa ataanzaje kuliingizia kijiti na kulizungusha huku na huku? Nimemwambia ni koili. Akasema anajua ni koili. Akasema, ‘Mkono unafika pale unakufa.’ Na kukuambia alishindwa, kwa sababu kukuambia ni lazima aandike jina.

Nilitaka kucheka, ila nikamtazama usoni nikaacha. Anaumia. Usimwandikie tena kwa ukali.

Wako, Ruthu

*

Kongwa, 28 Aprili 2025

Mwanangu Gabrieli,

Marahaba, na Pasaka njema iliyochelewa. Ruthu ameniambia. Usimgombeze, amefanya la maana.

Nilicheka. Sitakuficha, nilicheka mpaka jirani akauliza kutoka uzioni kuna nini. Halafu nikaacha, nikaona aibu. Nilikuita mvivu. Nalirudisha neno hilo lote. Wewe umeshika heshima mahali ambapo mimi mwenyewe niliisahau, maana jina lile nimelizoea pale kwenye bati, nikaona ni kifaa kama vifaa vingine. Nilikuandikia nikalitaja kabisa bila kuwaza atakayesoma ni nani. Umetembea na mzigo huo miezi yote hii na bado ukarudia vile vitatu kila siku. Hapo nimekujua.

Sasa nakwambia la kufanya, ila kwanza ujue ninachokuambia. Elisha hakuwa mtu wa kuandika. Barua zake aliandikiwa na watu, na kwenye fomu alipiga dole gumba hata baada ya kujua kusoma, kwa ukaidi tu. Picha zake ninazo. Mwandiko wake ninao kwenye TV hiyo peke yake, nyingine zote zilishachukuliwa na wenye nazo. Majina yale aliyaandika msimu mmoja wa mvua, mimi nimemshikia kichupa cha rangi ya kucha. Langu aliliandika la mwisho, na nafasi ikawa haitoshi, zile herufi za mwisho zimebanana.

Lifute. Chukua spiriti, chukua pamba, lifute lote pasibaki hata alama, kisha fanya kazi yako. Neno hili nimelibeba wiki nzima kabla ya kuliandika, kwa hiyo usiniulize kama nina hakika. Karakana ikifa, jina hilo litakuwa limeandikwa kwenye chombo cha kuwekea magunia. Nataka meza ile ifanye kazi. Yeye mwenyewe angesema hivyo hivyo, tena bila kulia kama ninavyofanya mimi hapa.

Alizeti za jirani zimeshaanza kuinamisha vichwa. Una mwezi, labda na siku chache.

Mama Ruthu

*

Dodoma, 18 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Sikulifuta.

Nilichukua spiriti na pamba kama ulivyoagiza, nikakaa mbele ya TV. Nikaona kwamba kulizungusha jina lako ni vibaya, na kulifuta ni vibaya zaidi, na yote mawili siwezi, na kazi ni lazima ifanyike. Basi nikaacha kulitazama jina nikakitazama kikopo. Kikopo si koili, Mama. Kikopo ni nyumba ya koili, kimeshikiliwa na risasi ya kulehemu kwenye miguu miwili tu. Kinaweza kutoka.

Nilikwenda kwa wauza vyuma chakavu nikapata tangi la jiko la pampu, la zamani, la shaba ya njano. Bati la kawaida nililiogopa, lina chuma. Nikalikata, nikalikunja, nikalehemu kikopo kipya chenye kipimo kile kile na tundu juu yake. Cha kwanza kilikaa upande, nikakitupa. Kisha nikayeyusha risasi ya kile cha zamani. Nilikishika kwa kitambaa. Waya za ndani ni nyembamba kuliko unywele, nilikuwa sipumui, na Ruthu alisimama mlangoni kuzuia wageni. Kilitoka kizima. Hakuna waya uliokatika.

Nikavalisha koili kikopo kipya. Hakina jina. Na hapo, Mama, mkono ulikwenda wenyewe.

Kikopo kipya kiliivuruga TV yote, ikawa kama siku ya kwanza, chenga na mvua. Nikarudi kwa Baba Mdogo, nikaja mpaka mwisho, nikarudi tena. Nilipokuwa nazungusha ile ya mwisho niliongeza sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Nikapita, mistari ikajaa. Nikarudi kidogo. Mistari ikapungua, ikawa miwili, ikawa hakuna. Jumapili hii kwaya imeimba kiitikio chote na nimewaona wote, hata yule wa nyuma ambaye haimbi, anafungua mdomo tu.

Joel anakuletea kifurushi kidogo. Ni kikopo cha zamani, kwenye pamba. Plasta nimeibandua kwa mvuke, rangi haikutoka. Zile herufi za mwisho zimebanana kweli.

TV nitaileta mwenyewe Jumamosi ya tarehe saba Juni. Naomba uwe umeshakwenda uani kabla sijafika getini.

Mwanao,
Gabrieli

*

Kongwa, 15 Juni 2025

Mwanangu Gabrieli,

Marahaba. Jumamosi ile uliondoka kwa haraka kama mtu aliyeiba, wala sikulaumu. Nakuandikia yale niliyoyasikia kutoka upande wangu wa ukuta, kwa sababu wewe uliyaona na mimi sikuyaona, na nataka ujue kwamba nilikuwepo.

Nilikaa uani na Ruthu, uliyekuja naye, nimegeuzia mgongo dirisha la karakana. Nilisikia ukiiweka TV mezani, taratibu. Nikasikia shemeji akivuta kiti. Nikasikia taarifa ya habari, na kama nilivyokwambia, akaongeza sauti mpaka mwisho. Nikangoja alalamike. Sikusikia mtu kulalamika. Ruthu akainuka akachungulia, akarudi akaniambia sikioni, ‘Ametulia, Mama. Anatazama kama mtoto.’

Nilidhani tumemaliza. Mimi Bernardo simjui hata kidogo. Nikamsikia anasema, ‘Picha nzuri. Lakini nitajuaje kama hujatengenezewa na fundi mwingine huko Dodoma?’ Na Ruthu, aliyechungulia tena, akaniambia shemeji ameokota bisibisi na anaingiza mkono ndani ya TV iliyo wazi nyuma. Nikasikia chenga zikijaa chumba kizima. Shemeji akasema, ‘Haya. Irudishe nikiona.’

Nilitaka kuingia. Nilikuwa nimeshainuka, mwanangu, desturi na heshima vyote nimeviacha pale kwenye kigoda, niingie nimwambie asiharibu kazi ya watu. Ndipo nikasikia unamjibu: ‘Baba Mdogo, naomba uiweke hiyo bisibisi chini, ni ya chuma.’

Nikakaa.

Nikasikia kimya cha fundi. Nakijua, niliishi nacho. Chenga zikaanza kufifia, sauti ya mtu ikatoka ndani yake, ikapotea, ukapita, ukarudi, ikakaa. Na shemeji, ambaye alikuwa ameinama kutazama ulichokuwa unafanya, akasoma kilichoandikwa kwenye kikopo alichokivuruga mwenyewe. Akauliza kwa nini jina lake limeandikwa pale mwanzo kabisa. Mimi na Ruthu tukashikana mikono. Nawe ukamwambia, ‘Kwa sababu wewe ndiye mkubwa, Baba Mdogo. Wewe usipokaa sawa, hakuna mwingine anayekaa.’ Ni maneno ya Elisha yale yale, ila katika kinywa chako yalipoteza uchokozi wote. Muda si mrefu nikamsikia shemeji anakusanya magunia yake. Jioni alinipitia uani akaniambia alizeti yake ataiweka kwa dada yake, na kwamba anataka ile TV yake ya sebuleni uitazame kwanza kabla ya za watu wengine. Nikamwambia aje Julai apange foleni.

Kikopo nimekipokea. Nakishika kila siku. Macho hayasomi lakini kidole kinasoma, rangi ya kucha ina unene wake. Ulinirudishia kitu nilichokuwa nimeshakiaga, na sikuwa nimekuomba. Sina namna ya kukushukuru ambayo mkwe anaruhusiwa. Nimechinja jogoo, tumekula na jirani kwa niaba yako.

Sasa habari ya Julai. Hujamaliza kujifunza kazi. Koili nne unazijua, lakini ziko TV zenye tisa, ziko za rangi ambazo zitakuliza, na yote yako kichwani mwangu na hayawezi kuandikwa yakaisha. Barua kutoka karakana kwenda uani ni upuuzi. Nimefikiria sana. Nimemwita fundi seremala tumeigeuza meza. Zamani fundi alikaa anatazama mlango, sasa ukikaa kazini unatazama ukuta na mgongo uko mlangoni. Mimi nitakuwa nakaa nje ya mlango huo, kivulini, nikichambua mboga zangu, nami nimekupa mgongo. Chai nitaiweka kwenye kigoda nyuma yako, utaisikia, usigeuke.

Na kazi ikikushinda, usiniulize mimi. Jisemee tu, kwa sauti, kama mafundi wanavyojisemea. Mimi ni mzee, wazee nao hujisemea. Watu wakipita watatuona wawili tunaongea peke yetu, waseme wanavyotaka.

Mama Ruthu